Goti la Singano

Kazi yangu ni kuchora visanduku.
Picha zinatoka kwenye nguzo ya Barabara ya Nane, Ngamiani,
saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu,
nami niko Chumbageni, ghorofani, juu ya duka la vipuri,
naibana kila baiskeli ndani ya mistari minne:
kona ya juu kushoto, kona ya chini kulia, bonyeza.
Kompyuta inajifunza kwa kunifuata mkono
kama mtoto anayeoneshwa kwa kidole: hii. Na hii. Na ile pia.

Imejifunza haraka, sitaki kuisema vibaya.
Wiki ya kwanza iliona baiskeli kwenye dirisha la nondo za duara,
kwenye miwani ya Mwalimu Kihiyo,
kwenye kivuli cha baiskeli, ikahesabu mbili
pale palipokuwa na mtu mmoja na jua lake.
Mvua iliponyesha zikawa tatu,
dimbwi nalo likadai fungu lake.
Siku hizi haidanganyiki. Baiskeli, inasema, asilimia tisini na mbili,
kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kuanguka nayo.

Lakini Singano wa Duga ameishinda.
Singano anabeba makuti. Makuti mbele, makuti nyuma,
ncha zinaburuzika kwenye lami zikiufagia mji bure,
na katikati, ukijua pa kutazama,
kuna goti moja linapanda na kushuka.
Kompyuta ikasema: mti.
Fremu iliyofuata: ng'ombe, asilimia thelathini na nne.
Kisha ikanyamaza, naye akapita mbele ya jicho lake
kama asiyekuwepo.

Nikachora, nikafuta, nikachora tena.
Niufuate mzigo? Basi nusu ya barabara ni baiskeli.
Niyafuate magurudumu? Yako wapi?
Bwana Shemhilu, msimamizi, akaniambia chora kinachoonekana.
Nikamwambia kinachoonekana ni goti.
Akacheka.
Mimi najua hesabu hizi zinakwenda halmashauri,
huko watakata shauri njia ya baiskeli ipite wapi,
na aliyelemewa kuliko wote ndiye hajahesabiwa.

Halafu lile lori la saruji kutoka Pongwe.
Saa moja na robo linaziba picha nzima.
Mama wa mikate anaingia nyuma yake akiwa namba arobaini na saba;
lori likiondoka, anatokea upande wa pili
namba hamsini na mbili,
kama mwari aliyetolewa ndani na jina jipya.
Kreti ileile, mtandio uleule,
kengele ileile, ninayoidhania tu, maana picha hazina sauti.

Kanuni ya kufuatilia ni nyepesi ukiisoma:
pima mwendo wake, kisia atakapochomoza, msubiri pale.
Ila yeye nyuma ya lori alisimama.
Labda mnyororo ulichomoka. Labda alikutana na mdeni wake.
Fremu kumi na tisa hatunazo, si mimi si mashine.
Natakiwa niandike: hamsini na mbili ni arobaini na saba.
Nikaandika.
Ya kati sikuyajaza.

Sisi wa Ngamiani namba hazitutishi,
barabara zetu zenyewe zinaitwa kwa namba,
mtu akisema nimehamia Kumi na Sita unajua hata harufu ya hapo.
Lakini Kumi na Sita haigeuki Ishirini
kwa sababu lori limepita.

Singano nimemchora hivi: tangu kuti la kwanza mpaka la mwisho,
asubuhi mia moja na kumi, mvua na jua,
baiskeli, baiskeli, baiskeli.
Mashine ikakubali shingo upande, asilimia hamsini na moja.

Leo imeona mnazi wa kona, ule wa uani kwa akina Mbaruku,
uliosimama hapo tangu sijazaliwa.
Baiskeli, ikasema. Asilimia sabini.
Nilipaswa kufuta mara moja.
Nimeukodolea macho mnazi ule, kipanya mkononi,
nikitafuta goti.