Yai Viza

Kamusi yangu, ile iliyong'oka jalada,
inasema viza ni yai lililoatamiwa bila kuanguliwa.
Maana ya pili, ya muhuri na safari,
haimo. Kamusi ni ya zamani.
Niliibeba hivyo hivyo hadi Westlands, ghorofa ya tano,
pamoja na vyeti, picha mbili zisizo na tabasamu,
na mkataba wa chuo kimoja cha Krakow
wa kunikabidhi wanafunzi kumi na mmoja
wanaotaka kujua kwa nini kiti ni hiki na viti ni hivi.

Fomu, ukurasa wa tatu: lugha ya mama?
Nikaandika KIDAWIDA, herufi kubwa, wino mweusi.
Binti wa dirisha la nne akalitazama neno, akanitazama.
"Mwalimu, si unakwenda kufunza Kiswahili?
Hapa wametaka msemaji wa asili."

Asili.
Nikalizungusha mdomoni kama kokwa ya zambarau.
Asili ya mto iko mlimani, dada,
lakini wanaokunywa wako bondeni
na hakuna aliyewadai cheti.
Hilo sikulisema. Nilisema, "Niongeze barua?"
Akasema, "Ongeza."

Nikaongeza. Kila wiki nikaongeza.
Barabara ya Kiambu, kwenye cheti cha tabia njema,
gumba langu lilikataa kusomeka.
Askari akalipaka wino mara tatu,
mara tatu likaacha doa tu, kama jicho lililofumbwa.
"Mama, kwani unavunja kokoto?"
Ni chaki, nikamwambia. Miaka kumi na tisa
ya kufuta ubao kwa mkono
pale Kariobangi, ambako dasta haimalizi muhula.
"Basi jipake mafuta ya nazi, urudi Alhamisi."

Benki ikachapisha miezi sita ya maisha yangu:
mshahara unaingia tarehe ishirini na saba,
unaondoka ishirini na tisa,
mgeni asiyevua viatu.

Katika ofisi ya walimu, Onchiri alicheka hadi chai ikampalia.
"Pale kwenye theluji, kule kwenye theluji, mle ndani ya theluji!
Mghoi, utawamaliza watoto wa watu!"
Kidato cha pili hawakucheka.
Kathini, ambaye insha zake huanza kwa Kiswahili
na kuishia kwa Sheng kabla ya aya ya tatu,
aliinua mkono:
"Ticha, kwani sisi tushajua?"
Nikageuka kufuta ubao.
Ubao ulikuwa safi.

Siku ya mahojiano, bwana mmoja mpole, kalamu mkononi:
"Utarudi?"
Lugha hii ina nge, ina ngali,
ina ki ya masharti na hu ya mazoea.
Ya kuapia haina.
"Nitarudi," nikasema. Nafsi ya kwanza, wakati ujao,
sentensi sahihi kisarufi.
Akaandika.

Kisha wakaliatamia faili langu.
Kwa siku ishirini na moja kuku angekuwa na vifaranga.
Wao, arobaini na nne.

Leo nimepewa bahasha, imefungwa kwa gundi na utepe.
Mlinzi wa langoni, aliyenizoea sasa, akauliza, "Imetoka?"
"Imetoka," nikamjibu,
maana bahasha kweli imetoka.

Mama yangu, kule Mgange,
alikuwa akiyatoa mayai chini ya kuku moja moja usiku,
akiyamulika kwa koroboi.
Hili lina mishipa, angesema, tazama, lina mtu.
Lile jingine aliliweka kando na kulitaja
kwa neno la Kidawida
ambalo sijawahi kulifundisha popote.

Nimesimama kando ya muuza njugu.
Nimeinua bahasha kwenye jua la saa sita,
gumba likiteleza kwa mafuta ya nazi.
Natafuta mishipa.