Daftari la Bwawa la Tatu

Wahenga walisema yakimwagika hayazoleki.
Mimi nalipwa kuyazoa.
Nina mabwawa matatu chini ya vifusi vya shaba, juu ya Kasese,
gambuti mbili, zote za kushoto,
kijiti chenye alama nilizochonga kwa kisu cha kumenyea matoke,
na daftari.

Bwawa la kwanza ni la vishindo:
kokoto huangukia humo bila kuaga,
mchanga ukazifuata.
La pili natia shabu, vikombe vinne, nakoroga kwa ubao,
na vumbi la jiwe lililokuwa likielea, halina kwao,
hushikana mikono likazama.
La tatu nalishushia sahani nyeupe kwa kamba.
Nikiiona hadi fundo la tano
nafungua kilango, maji yaende zake mtoni.
Nisipoiona, yanakaa.

"Kabugho, wewe hufanyi kazi, unatazama maji tu,"
husema Nzanzu wa ghala.
Ni kweli.
Nayatazama mpaka yaone haya, yatulie.

Jumanne usiku mlima ulifunguka.
Mitaro niliyoizibua Jumapili ikajaa majani ya migomba,
mteremko mzima ukashuka na rangi zake:
wekundu wa barabara, kijivu cha mgodi,
na kijani kile cha kutu
ambacho watoto hudhani kinafaa kutilia nguo rangi.
Saa nane alama ya nane ikamezwa.
Saa tisa, ya tisa.
Ya kumi ndiyo ukingo.

Nikampigia msimamizi. Simu ikaita, ikaita, ikachoka.

Hesabu niliijua.
Tuta likivunjika, mabwawa yote yatashuka pamoja,
na tope la miaka sita
litalala juu ya viazi vya kina Masika kabla jogoo hajawika.
Nikifungua, mto utakunywa uchafu, ila tuta litasimama.
Kijiti changu hakina alama ya kuchagulia.

Basi nikampigia Biira, dada yangu, pale darajani.
Amka, nikamwambia. Gonga kila mlango.
Watu wateke sasa hivi, wajaze mapipa, masufuria,
hata beseni la kuogeshea mtoto.
Nakupa dakika arobaini.
Nikakaa kwenye tuta, tochi mdomoni,
nikichora mstari mmoja topeni kwa kila dakika,
mvua ikiifuta, nikichora tena,
mpaka gambuti zikajaa,
ya kushoto na ya kushoto.

Nikafungua robo. Kisha nusu.
Yalitoka kwa sauti ya mtu
anayesafisha koo kabla ya kukiri.

Asubuhi msimamizi alifika na mwavuli.
"Andika fundo la nne," alisema. "Wakaguzi wanakuja Ijumaa."
Nikaishusha sahani mbele yake.
Ilipotea kabla ya fundo la kwanza,
kama biskuti kwenye chai ya maziwa.
Nikaandika: sifuri.
Nikaandika saa, alama, na jina la aliyefungua.
"Hiyo ni barua yako ya kufukuzwa, na umejiandikia mwenyewe," alisema.
Akauliza kama nina mwandiko mwingine.
Nikamwambia nilisoma mpaka darasa la saba, mwandiko ni huu huu.

Ijumaa wakaguzi hawakuja.
Alikuja mtoto wa Biira, na jerikani tupu kichwani.
"Mama anauliza, lini?"
Watu wa darajani walikuwa wamefikia chini ya mapipa,
na wengine, alisema, hawataji tena jina langu, wanasema "yule wa juu".

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kamba.
Nikampa ashike.
Akalala kifudifudi kwenye tuta, pua karibu iguse maji,
akaiachia sahani polepole, kidole kwa kidole.
"Mafundo mawili, mama mdogo."
Nikaandika mawili.
"Na nusu."
Nikainama nami nikatazama.
Nikaandika: na nusu.