Kigezo

Mzee Jaswant alilileta likivutwa na trekta
kutoka Kibos, Jumatatu, mvua ikiwa imekatika:
gari la viti viwili, jekundu chini ya matope,
limebeba injini mgongoni kama mtoto.

"Linavuja," akasema. Hakusema wapi.
Nyuma yake, kutoka relini hadi mlangoni pangu hapa Kibuye,
barabara ilikuwa imechorwa mstari.

Oili ya gari hili haikai chini ya injini
kama oili ya magari yenye adabu.
Ina tangi lake pembeni, na kutoka hapo husafiri
ndani ya paipu mbili, chini ya mlango wa dereva,
mpaka kwenye shavu la mbele, ikapoe, irudi.
Safari ndefu kwa kitu kinachohitajika nyumbani.

Nikalala chali, nikapapasa.
Paipu ya kurudi ilikuwa imeliwa na kutu
pale jicho lisipofika ila kidole.

Mpya? Alikwisha kuuliza. Nairobi walicheka.
Mombasa walimpa namba ya mtu aliyekufa.
Ujerumani ipo, wakasema, moja tu, kwa bei
ya ng'ombe watatu wa maziwa, na ushuru bado.
"Basi tuizibe. Tuilehemu."
Cha kuvunda hakina ubani, nikamwambia. Hii tunaitoa.

Nati iligoma siku mbili.
Spana ya thelathini na sita, niliyoazima kwa mafundi wa reli,
ilinichubua vifundo, basi.
Siku ya tatu nikaipasha moto nati ikaiva,
nikaigusisha mshumaa, nta ikanyonywa na meno,
nikakaa juu ya ndoo nikahesabu pumzi.
Ikalegea kwa sauti ndogo,
ya mtu aliyekubali kosa.

Paipu ilipotoka, udongo ulianguka nayo.
Si udongo mmoja. Matabaka.
Mweusi wa Ahero, ule unaonata kama deni.
Mwekundu wa kupanda Nandi.
Na ndani kabisa, kijivu, mwepesi kama unga:
mzee akainama, akauchota, akausugua vidoleni.
"Huu wa Nakuru," akasema. "Sabini na tatu.
Manjit ndiye aliyekuwa akisoma ramani."
Hakusema Manjit nani. Nikazima redio.

Sikufagia mpaka alipoondoka.

Muhoroni yupo Rading', mwenye mashine ya kubana mipira
ya trekta za miwa. Nikamwendea na paipu begani,
imeviringishwa gunia; bawabu wa kiwanda
akanisimamisha akidhani ni bunduki.
Rading' akaipima kwa kamba, akanusa ncha,
akasema: "Huyu alikunywa oili nzuri maishani."
Akanikatia mpira uliosukwa waya mara mbili.
Ncha za shaba nilizikereza mwenyewe,
jino kwa jino, nikizifuata zile kuukuu
kama mtoto anavyofuatisha herufi za mwalimu.
Mbili niliziharibu. Ya tatu ikakubali.

Usiku wa kujaribu tulitandika kadibodi chini yake.
Injini ikakohoa, ikashika, ikanguruma
mpaka sufuria za Mama Atito zikaitikia ng'ambo ya ukuta.
Sindano ya shinikizo ikapanda, ikasimama.
Tukazima. Hakuna aliyetazama chini.

Asubuhi: tone moja, dogo kuliko punje ya wimbi.
Nikakaza robo mzunguko. Nikangoja hadi saa sita.
Kadibodi haikusema neno.

Aliniomba ile paipu ya zamani. Nikamnyima.
Ipo ukutani, juu ya kalenda ya mwaka uliopita,
imepinda pale inapopaswa kupinda, na tundu lake.
Siku moja atakuja mwingine, wa Kitale, wa Kakamega,
atasema linavuja, hatasema wapi,
nami nitaishusha, nipimie juu yake.

Udongo nilimpa.
Wa kijivu peke yake, ndani ya chupa ya jemu,
na kifuniko nilikikaza kwa mkono tu.