Saba kwa Nane

Dada alinipigia simu kutoka Maskati.
"Unafanya nini huko Salala?"
Napiga fiola, nikamwambia, tuna makondakta wanane.
"Wanane! Na mabasi mangapi?"
Nikacheka mpaka upinde ukanidondoka.

Ni Agosti. Ghuba nzima inaungua,
huku mlima umejitanda ukungu
na watu wa Riyadh wamekuja kulowana makusudi:
wanapanga viti vya plastiki kwenye manyunyu
na kuyatazama kama harusi.

Sisi tumo ukumbini, skuli ya wasichana, wakati wa likizo.
Ubaoni bado kuna hesabu ambayo hakuna aliyeimaliza.
Unyevu unapenya. Chelo ya Muhanna imevimba, vigingi havizunguki.
Tunakaza nyuzi, tunapiga kurasa mbili,
tunakaza tena.

Kila kondakta ana dakika ishirini.
Mmoja anapunga kama anayefukuza nzi.
Mmoja kafumba macho, anasikiliza okestra nyingine, nzuri kuliko sisi.
Kijana wa Kuwait anatuomba radhi kabla hatujakosea.
Wanadhani wao ndio wanaotutazama.
Siku nne nimekaa kiti cha tatu,
nawajua kwa makwapa yao,
kwa pumzi wanayosahau kuivuta.

Muziki ni wa mwaka huu, wino haujakauka.
Aliyeutunga, Zayana wa Bahla, amekaa safu ya nyuma
na chupa yake ya kahawa, hasemi neno.
Ukurasa wa kumi na moja: saba kwa nane.
Hapo ndipo wote wanapojikwaa,
kama mtu aliyeshuka ngazi akadhani imebaki moja.

Mimi nahesabu kwa Kiswahili. Ni siri yangu.
Kwetu Kiarabu kilikaa sebuleni na baba,
Kiswahili jikoni na mama,
na huko jikoni ndiko nilikojifunza namba:
vikombe, mayai, siku zilizobaki mgeni aondoke.
Angalia: moja, mbili, tatu, nne, twende mpaka kumi,
kila moja ina silabi mbili, hakuna inayopunja.
Namba tatu zinakupa sita.
Ya saba utaitoa wapi?

*mo-ja mbi-li ta-tu na*
*mo-ja mbi-li ta-tu na*

Na nini? Na nani?
Huambiwi. Pigo linaanza upya.

Mama alikuwa na "na" hiyo.
"Sisi pale Ng'ambo tulikuwa na..."
halafu anaigeukia sufuria.
Tulikuwa na nini, mama?
"Kitunguu kinaungua, niletee kijiko."
Amezikwa Amerat, kwenye mawe makavu,
na sentensi yake bado iko wazi.

Siku ya tano akapanda Thuraya wa Sur, mdogo kuliko wote.
Fimbo yake ilivunjika asubuhi, mlango wa gari uliibana.
Mkono mtupu haulambwi, wanasema.
Alifika ukurasa wa kumi na moja, akatusimamisha.
Hakutulaumu. Alikuwa ananiangalia mdomo.
"Wewe, unasema nini hapo?"

Masikio yalinichoma. Nikasema kwa sauti.
Akairudia, vibaya.
Mpiga klarineti, Mkorea, akairudia vizuri kuliko yeye.
Kisha ngoma, kisha Muhanna na chelo yake iliyovimba,
watu kumi na wanne katika skuli tupu
wakisema moja mbili tatu na
kama watoto wa chekechea.

Halafu tukapiga. Sitasema ilikuwa nzuri;
klarineti ilipiga mluzi, mimi niliruka mstari mzima.
Lakini kila ilipofika ya saba
Thuraya hakuipiga. Aliugeuza mkono,
kiganja juu, wazi,
kama mtu anayengoja kuletewa kijiko.

Usiku nikampigia dada.
Unakumbuka, nikamuuliza, mama akisema tulikuwa na...
Akanyamaza.
Pigo moja tu, si zaidi,
halafu akaanza upya:
"Haya niambie, huko mvua inanyesha kweli?"