Vipande Vinne vya Barafu

Ulipotua, Mwadime, mama alikuwa anachemsha tangu Jumapili.
Maji ya Jericho huja usiku, kwa kukohoa,
akayakinga, akayatia kwenye sufuria kubwa, ile ya matanga ya baba,
akayaacha yatokote.
Nilimwambia Nairobi iko juu, maji hapa huchemka mapema,
ayaongezee dakika. Akaongeza kumi.
Kisha akayafunika, akayalinda yapoe
kama mtu alindaye maziwa na paka.
Trei ya barafu ilinuka samaki tangu Pasaka.
Akaisugua kwa limau, akaisuuza kwa yale yale yaliyochemka,
akaijaza taratibu, ulimi nje, kama mtoto anayejifunza kuandika.
Hayo hukuyaona. Ulikuwa angani.

Ukaja na karatasi.
Daktari wa huko kwetu, ulisema,
na neno lile *kwetu* likapita mezani, likaenda zake.
Usinywe ya bomba. Usipigie mswaki ya bomba.
Chupa iwe na lakiri, uivunje kwa mkono wako.
Barafu usiiguse: kuganda si kufa,
kijidudu hulala humo kikingoja joto la tumbo.

Kweli tupu. Mimi mshahara wangu ni darubini,
zahanati ya Makadara, kila siku isipokuwa Jumapili.
Naviona. Sina ubishi na karatasi yako.

Lakini mama alileta ukwaju katika bilauri za harusi yake,
na wewe ukachukua kijiko,
ukavitoa vipande vinne, kimoja, kimoja,
ukavipanga kwenye kisahani.
Vikayeyuka mbele yetu. Tulivitazama wote
kama watu wanaotazama mpira wa timu isiyo yao.
"Labda meno yanamuuma," mama akasema.
(Kijiko kile, kaka, kwa taarifa yako,
nilikiosha kwa ya bomba.)

Mgeni siku mbili; ya tatu hukupewa jembe,
ulipewa katoni nyingine ya chupa.
Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge,
nawe uliyaoga, midomo umeifumba;
tulikusikia bafuni ukipumua kwa pua kama farasi.

Kisha Ijumaa, rafiki zako wa shule,
mbuzi wa kuchoma, na kachumbari.
Nani huiogopa kachumbari?
Nyanya haina lakiri.
Nyanya iliogeshwa kwenye ndoo,
ndoo iliyoogeshea nyanya za tangu asubuhi.

Saa tisa usiku nikasikia mlango wa choo,
tena, na tena,
halafu nyayo za mama.
Jagi, maji yake, lita moja:
sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko.
Alijifunza hayo mwaka ule nilipougua mimi,
wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki,
ulilala kwa jirani wiki mbili.
Ukanywa. Hukuuliza.
Midomo imekukauka, ukasema kwa Kidawida,
lugha uliyodai umeisahau,
"Mao, nipe barafu."

Akakupa. Akaketi kwenye ukingo wa beseni
akikushikia bilauri, na nje
mfereji ukaanza kukohoa,
na kwa mara ya kwanza hakuinuka kukinga.

Ukija tena, njoo na karatasi yako.
Wengine hapa mjini watakupa barafu ya kisima gani, hujui;
itoe, usione haya.
Ila ongeza mstari mmoja chini, kwa mwandiko wako:
kwanza uliza nani kayachemsha.

Chupa zako tisa zimebaki juu ya kabati, lakiri hazijavunjwa.
Wajukuu wa jirani wanaziomba.
Trei iko kwenye friji, mashimo manne matupu.
Mama hataki niyajaze.