Rangi ya Tisa

Asubuhi wanapaka rangi ukuta wa bweni,
mchana nawatembeza mjini.
Ndiyo mapatano, yamo kwenye karatasi:
hadi saa sita, watoto;
baada ya chakula, historia ya Bukavu.

Mimi, Cishugi, nilikulia nyuma ya ukuta huohuo
ulipokuwa bado na rangi ya kwanza,
chokaa iliyotupaka migongo tukiegemea.
Kisha buluu. Njano. Buluu tena,
kijani cha watu wa kanisa fulani.
Kila kundi huukuta umechakaa
kwa sababu watoto huubandua.

Nsimire ana ukucha maalumu wa kazi hiyo.
Huchimba karibu na kitanda chake, akisoma:
hawa walileta mpira,
hawa walilia siku ya kuagana,
hawa, sikuwa nimezaliwa.

Paa linavuja palepale.
Nani husafiri na bati mkobani?

Saa nane tunashuka barabara kuu.
Nawaonyesha majumba ya wakoloni, pembe zake za mviringo,
vibaraza vilivyoanikwa nguo,
jina la duka ambalo mvua imelila
ikabakiza herufi tatu.
Nawaonyesha rasi zinavyoingia ziwani
kama vidole vya mtu anayepima
kama maji ya kuoga yamepoa.
Mmoja akasema, "Inasikitisha,
kuta nzuri hivi, hazijapakwa rangi."
Nikameza mate.
Brashi alikuwa nayo, bado inanuka,
lakini mtembeza wageni hula kwa ulimi wake.

Mwezi wa tano alikuja Mama Litale
kutoka Kisangani, nesi mstaafu,
magoti yanalia akikaa.
Alipewa brashi, akaitazama,
akairudisha koponi.
Akaingia jikoni kwa M'Cirimwami, akavuta ungo,
akaanza kuchambua maharage,
kokoto moja, nyingine, kwenye kifuniko.
Saa nane nikamwita: mama, mji unangoja.
"Mji ulikuwepo kabla yangu," akasema.
"Maharage haya ni ya jioni."

Siku tano hivyo hivyo.
Hakuliona kanisa kuu, hakuliona daraja la Ruzizi,
wala mteremko wa Kadutu, wanawake wakiupanda
na kamba ya mzigo kwenye paji la uso.
Alijua tu nani anakataa sombe,
nani huficha bugali chini ya mto,
na kwamba Nsimire hulala
kiganja kikiwa ukutani.

Alipoondoka hakupiga picha.
Aliacha kifuniko cha kokoto dirishani
na pesa ya mabati mawili,
akampa M'Cirimwami, si mkurugenzi.

Juu ya kitanda cha Nsimire pamekauka.
Kwingine bado tunatega ndoo.

Jumatatu linakuja kundi jipya.
Wameandika kwamba wangependa zambarau.
Itakuwa ya tisa.
Nitawapokea, nitawapa maji ya chupa,
nitawapeleka kwenye zile herufi tatu.

Ila nina deni: siku tano za mji,
zimelipwa, hazijatembewa.
Jana nikamchukua Nsimire badala yake.
Tulishuka pamoja hadi kwenye majumba.
Nikaanza maneno yangu: mwaka, mjenzi, mtindo.
Hakutazama juu.
Alisogea ukutani,
akaweka ukucha penye ufa,
akauliza,
"Na hapa, walikuja wangapi?"