Ijumaa ya Punda

Alfajiri, kabla gati halijaamka,
napanda ngazi za hoteli na ndoo, na kapu la mashuka.
Vyumba kumi na vinne, lifti mbovu tangu Pasaka.
Bi Maureen mwenye hoteli husema fundi yuaja.
Yuaja, kama mvua ya Mpwapwa.

Chini wageni wanakunywa chai,
wanaitembeza dunia mezani kama bakuli la sukari.
Mmoja amefika Venisi, maji yanapita barazani,
njiwa wakamchafulia kofia mpya.
Mwingine aliukwea mnara wa Paris kwa miguu,
akashushwa kwa machela.
Na yule wa meza ya dirishani kamwona simba Serengeti,
"simba mzima, hatua kumi, kalala kama mume wangu."
Akanigeukia: "Nawe wa kwanza ulimwonea wapi?"

Kwenye noti ya elfu mbili, nikamjibu.

Wakacheka. Nikaongeza maziwa.
Sikuwaambia kwamba noti yenyewe
haikukaa kwetu muda wa kumtazama vizuri.

Chumba namba tisa wameondoka.
Mchanga ndani ya beseni, soksi moja ya mtoto,
na kipande cha ile pipi ndefu ya waridi
iliyoandikwa jina la mji ndani kwa ndani:
vunja mwanzo, Blackpool; vunja kati, Blackpool;
ilambe mpaka ncha, herufi hazifutiki.
Nikakaa ukingoni mwa kitanda nisichoruhusiwa kukaa.
Mimi je, nikivunjwa katikati,
patasomeka wapi?

Saa tano na nusu, robo saa ya kupumua.
Nikavuka barabara ya tramu.
Bahari rangi ya chai iliyopoa, mnara kichwa ndani ya wingu,
watoto wanajenga ngome huku wamevaa makoti.
Punda hawapo.
Jana walikuwapo, kengele shingoni,
kila mmoja na jina lake kwenye hatamu,
wanabeba watoto kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
safari isiyofika kokote, na inalipiwa.

"Leo Ijumaa," akasema mzee Clifford mwenye punda,
amekuja ufukweni kwa mazoea tu, mikono mfukoni.
"Ijumaa hawafanyi kazi. Sheria ya mji.
Na siku nyingine wana saa yao ya chakula,
na mtu mzima mzito hapandi."
Alisema kama mtu anayesema jua huzama.

Ee punda wa baba yangu!
Madumu manne ya maji kutoka korongoni,
kidonda mgongoni tulichokisugua chumvi.
Punda afe, mzigo wa bwana ufike:
tuliinakili mara ishirini, kwa mwandiko mzuri,
mwalimu akatia vema.
Hakuwa na jina. Tulimwita "Wee".
Aliitika.

Nikampigia baba palepale, upepo unanila maneno.
Nikamweleza: huku punda ana jina.
Ana likizo, baba. Ana saa ya chakula.
Watu wanapanda treni kutoka miji ya mbali
kuja kumwona, na taa, na mnara,
na asipokuwapo wanamuulizia.

Kimya. Nikadhani salio limekwisha.
Kisha nikasikia anakohoa, anavuta kigoda.
Nilingoja acheke, au aseme Wazungu bwana.

"Sawa," akasema. "Na hiyo Ijumaa,
mzigo anabeba nani?"

Shakwe akatua karibu, akanikagua mikono, akaruka.
Ng'ambo ya barabara, dirisha la ghorofa ya tatu,
Bi Maureen alikuwa ananipungia, ama ananiita.
Nikamwambia baba nitapiga Jumapili.

Vilikuwa vimebaki vyumba vitano.